Bata Bukini wa Kichina: Asili Yake, Tabia Zake na Maana ya Kelele Zake Usiku

Katika mikutano ya usalama ambayo ofisi yetu huifanya pamoja na wananchi wa vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria, aghalabu maswali huwa ni yale yale: pikipiki zilizoibwa, mipaka ya mashamba, vijana wanaokesha kwenye vilabu vya pombe. Lakini katika mkutano mmoja mzee mfugaji aliinuka, akavua kofia yake, akasema: “Afande, mbwa wangu wawili wamelishwa sumu katika muda wa miezi minne, na mara zote mbili mbuzi waliondoka usiku huo huo. Jirani ananishauri ninunue bata bukini wa Kichina. Ninyi polisi mnamwamini ndege huyo?”

Watu waliangua kicheko. Mzee hakucheka, wala hakuketi mpaka ajibiwe. Tulimjibu, “Mzee wetu, bukini ni mlinzi mzuri, mnunue tu,” kisha tukaendelea na ajenda iliyofuata. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ilikuja kuwagharimu watu wengine. Makala haya yanakusudia kulikamilisha.

Tuanze na jina, maana lina safari yake. Bukini ni jina la zamani ambalo watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikiita kisiwa cha Madagaska, na ndege huyu mkubwa waliyemwona kuwa mgeni wakamwita bata la Bukini. Hata hivyo, ndege tunayemzungumzia asili yake si Madagaska. Watu wa Ulaya na Marekani nao wana aina wanayoiita bukini wa Afrika, ndege mzito mwenye ngozi inayoning’inia chini ya kidevu. Huyo pia hakutoka Afrika, bali ni ndugu wa damu wa bukini wa Kichina. Miongoni mwa majina haya matatu, ni la China peke yake linalosema kweli kuhusu mahali ndege alikotoka.

Bata bukini wanaofugwa duniani wametokana na ndege wawili wa porini. Aina nyingi za Ulaya zimetokana na bukini wa kijivu, ambaye wataalamu humwita Anser anser. Bukini wa Kichina ametokana na Anser cygnoides, ndege mwenye shingo ndefu anayezaliana Mongolia, kaskazini-mashariki ya China na mashariki ya mbali ya Urusi, kisha majira ya baridi huhamia kusini, hasa kwenye maziwa na mabwawa ya bonde la mto Yangtze. Ni ndege wa mbuga zenye maji. Hula ardhini, hulala ardhini au majini, na hutaga ardhini, mahali ambapo adui aweza kumjia kutoka pande zote. Hana pembe wala meno ya kutisha. Usalama wake wote umewekwa katika mambo matatu: shingo inayoinuka juu ya majani, macho yaliyo pande mbili za kichwa, na sauti inayofika mbali. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tabia anayoionyesha bukini uani saa nane za usiku ni tabia ile ile aliyoirithi kutoka mbugani.

Ni lini ndege huyu alianza kuishi na watu? Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi wa mifupa ya bukini iliyofukuliwa Tianluoshan, makao ya kale ya wakulima wa mpunga katika jimbo la Zhejiang nchini China, mifupa yenye umri wa takribani miaka 7,000. Baadhi ilikuwa ya ndege wachanga ambao walikuwa bado hawajaweza kuruka. Lakini bukini wa porini hawazaliani katika sehemu hizo; hufika huko majira ya baridi, wakiwa wamekwisha kukomaa na kuvuka masafa marefu kwa mabawa yao. Basi ndege asiyeweza kuruka alifikaje pale? Hakufika; aliangulia pale pale, miongoni mwa watu. Kemia ya mifupa nayo ilionyesha kwamba baadhi ya ndege wale walikunywa maji ya mahali hapo na kula chakula cha namna moja. Maafisa wenzetu wa idara ya upelelezi wataipenda hoja hii, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kazi wao: hawakumkuta mfugaji, hawakuikuta zizi, lakini kiumbe kilichoonekana mahali ambapo hakingeweza kufika peke yake kiliwatosha. Hoja hiyo ikisimama, bukini wa China ni miongoni mwa ndege wa mwanzo kabisa kufugwa na binadamu, pengine hata kabla ya kuku.

Maelfu ya miaka ya kufugwa yamembadilisha umbo. Ndege wa porini ni mwembamba, na mdomo wake mweusi umenyooka kutoka kwenye paji la uso. Wa kufugwa ana nundu ya mviringo pale mdomo unapokutana na paji, na hiyo ndiyo alama yake kuu. Dume ana nundu kubwa kuliko jike. Husimama wima, kifua mbele, shingo ndefu nyembamba imepinda kidogo kama ya swani. Rangi zake ni mbili. Wa kwanza ni mweupe mwili mzima, mwenye mdomo, nundu na miguu ya rangi ya machungwa. Wa pili ni wa kahawia, mwenye mdomo na nundu nyeusi, na mstari wa kahawia iliyokoza unaoanzia utosini na kushuka nyuma ya shingo hadi mgongoni, kana kwamba umechorwa kwa brashi. Mweupe huonekana kwa urahisi gizani, jambo ambalo humfaa mwenye nyumba na humfaa pia mwizi wa ndege. Wa kahawia humezwa na usiku.

Si ndege mzito. Dume aliyekomaa huwa na kilo 4.5 hadi 5.5, na jike kilo 3.5 hadi 4.5, ilhali dume la Toulouse, aina mashuhuri ya Ufaransa, laweza kupita kilo 9. Anayetafuta nyama nyingi kwa mkupuo mmoja atafute kwingine. Anachokikosa kwa uzito, bukini wa Kichina hukifidia kwa mayai: jike hutaga 40 hadi 60 kwa mwaka, na wako wanaozidi, idadi ambayo aina nyingi za Ulaya haziifikii. Ila hana hamu kubwa ya kuatamia. Wafugaji wengi humpa kuku mwenye ari ya kuatamia mayai yake manne au matano, kwani yai moja la bukini ni zaidi ya mara mbili ya yai la kuku, na vifaranga hutoka baada ya siku 30 hivi. Bukini akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 20. Mtu anayemnunua leo akiwa na mtoto mchanga nyumbani ajue kwamba mtoto atamaliza shule ndege akiwa bado yupo.

Nje ya Asia alienea zamani. Barua za George Washington za mwaka 1788 zinawataja bukini wa Kichina, na mwaka 1874 Marekani waliingizwa katika orodha rasmi ya sifa za ndege wa kufugwa. Charles Darwin alivutiwa nao kwa sababu nyingine. Alifahamu kwamba bukini wa Kichina na bukini wa Ulaya wametokana na ndege wawili mbalimbali wa porini, lakini wakipandana watoto wao huweza kuzaa, tofauti na nyumbu, mtoto wa punda na farasi, ambaye huwa tasa. Aliliandika jambo hilo katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1859, na mwaka 1880 akalirudia katika jarida la kisayansi la Nature. Kwa mnunuzi wa sokoni faida ya habari hii ni ya karibu sana: wengi wa bukini wanaouzwa kama “Wachina halisi” ni machotara. Nundu ndogo iliyofifia, shingo fupi nene na tumbo linaloburuza chini ni dalili za damu ya Ulaya. Si kosa kuuza chotara. Ni kosa kumwita kwa jina asilokuwa nalo ili bei ipande.

Sasa tuifikie sifa iliyomsimamisha mzee wetu mkutanini. Karibu bukini wote hupiga kelele, lakini wa Kichina wanajulikana kuwa miongoni mwa wenye kelele nyingi zaidi na walio wepesi kushtuka. Kundi linapokula, daima utaona shingo moja au mbili zimeinuliwa. Wenye shingo hizo hawali, wanatazama, kisha zamu hubadilika bila amri ya yeyote. Kwa kuwa macho yako kando ya kichwa, ndege huona sehemu kubwa ya mazingira yake bila kugeuka. Hata usingizi wao si kama wetu. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba bata, ambao ni jamaa wa bukini, wanapolala kwa safu, yule aliye ukingoni hulala na jicho moja wazi, lile linalotazama nje ya kundi, na nusu moja ya ubongo wake hukesha huku nusu nyingine ikipumzika. Wengi wetu tuliowahi kushika lindo la alfajiri tungefurahi kupewa kipaji hicho.

Zaidi ya hayo, bukini hujua watu wake. Kifaranga akitoka kwenye yai humfuata kiumbe wa kwanza anayemwona akitembea mbele yake. Konrad Lorenz wa Austria alilichunguza jambo hili kwa bukini wa kijivu, akawa akifuatwa na vifaranga kana kwamba yeye ndiye mama, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa utafiti wa tabia za wanyama. Bukini aliyekulia uani huzizoea nyuso, mavazi na nyendo za wenyeji. Asichokizoea hukipigia kelele. Na kwa kuwa chakula chake ni majani, kipande cha nyama chenye sumu kilichotupwa juu ya ua, hila iliyowamaliza mbwa wa mzee yule, hakimvutii.

Historia ina mifano yake. Mwandishi Livius anasimulia kwamba Wagauli walipoivamia Roma, tukio linalowekwa kwa desturi mwaka 390 kabla ya Kristo, walikwea usiku mwamba wa Kapitolio kimya kimya hata mbwa hawakushtuka, lakini bukini waliotengwa kwa ajili ya mungu Juno walipiga kelele wakamwamsha Marcus Manlius, na ngome ikaokolewa. Wale walikuwa bukini wa Ulaya. Wachina wana sifa za karibu zaidi na zama zetu. Kuanzia mwaka 1959 bukini weupe wa Kichina waliwekwa kulinda maghala ya pombe ya Ballantine’s huko Dumbarton, Uskoti. Kundi dogo la mwanzo likaongezeka hadi kukaribia mia, na likaendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 2012, kamera za usalama zilipochukua nafasi yake. Mwaka 2013 vyombo vya habari vya China viliripoti kwamba vituo vya polisi vya vijijini katika mkoa wa Xinjiang vilikuwa vikifuga bukini kwa ajili ya ulinzi, na kwamba katika kituo kimoja mtu aliingia usiku ili achukue pikipiki iliyozuiliwa, akiwa amekwisha kuwatilia mbwa wawili sumu, lakini hakuwa amewafikiria bukini. Walimwamsha askari wa zamu.

Habari kama hizi ndizo zilizotufanya tumjibu mzee kwa haraka ile. Sasa tusimulie yaliyofuata.

Katika mkutano ule ule alikuwepo mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye wanawake wa kitongoji chake humkimbilia uchungu wa uzazi unapowakuta usiku, kabla hawajapata usafiri wa kwenda kituo cha afya. Alitusikia, akanunua bukini watano weupe. Baada ya miezi kadhaa, usiku wa saa nane na nusu, kijana mmoja alitumwa kwenda kumwita kwa ajili ya dada yake. Lango la mbele lilikuwa limefungwa kwa kufuli, hivyo akapitia njia ya nyuma, kwenye migomba. Bukini walipiga kelele wote kwa pamoja. Mtu wa nyumba ya pili akapiga yowe la mwizi, na vijana wa kitongoji wakatoka na magongo. Kijana alijaribu kulitaja jina la dada yake. Hakusikika kwa kelele za watu na za ndege. Mama yule alipofungua mlango na kumtambua, mkono wa kijana ulikuwa umevunjika mahali pawili na jicho lake la kushoto limeumia vibaya. Halikupona. Dada yake alijifungua alfajiri akisaidiwa na jirani, mtoto akiwa salama. Watu wanne, ambao hatukuwa na rekodi yoyote ya uhalifu juu yao, walishtakiwa mahakamani.

Tulipokwenda kuchukua maelezo, mama yule alitueleza akiwa ameketi kizingitini, bukini wakila majani mbele yake: “Ndege wangu hawakukosea, afande. Wao walisema kuna mtu. Sisi ndio tuliosema kuna mwizi.”

Hiyo ndiyo nusu tuliyoisahau mkutanini. Kelele ya bukini ina maana moja tu: kuna kitu nisichokizoea. Hakibainishi kitu hicho. Atapiga kelele ile ile kwa mwizi, kwa mgonjwa anayetafuta msaada, kwa nguchiro, kwa paka wa jirani, kwa pikipiki iliyozimika njiani, na pengine kwa mwenye nyumba mwenyewe akirudi safarini amevaa koti jipya. Mwenye bukini wa Kichina ataamshwa mara nyingi bila sababu, na hatari iko pande zote mbili: wako wanaochoka, wakaacha kuamka, na siku mwizi anapokuja kweli hakuna anayetoka, na wako wanaotoka kila mara wakiwa wamekwisha kutoa hukumu kitandani.

Kifungu cha 28 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinamchukulia kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka athibitishwe na mahakama au akiri mwenyewe. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga aliyekwisha kukamatwa, hata kama ni mwizi kweli. Mara kwa mara wananchi hutuambia kwamba tunachelewa kufika, na malalamiko hayo mara nyingine ni ya haki. Barabara zetu na magari yetu wanayajua. Hata hivyo, kuchelewa kwetu hakumfanyi aliyesimama kwenye migomba kuwa mwizi.

Tunashauri hivi. Bukini wakilia, washa taa ya nje ukiwa bado ndani. Mara nyingi hilo pekee hutosha: katika duka moja la kijiji kingine, watu waliokuwa wameanza kung’oa bati la paa waliliacha na kukimbia mwenye duka alipowasha taa tu, na hakuna aliyeumia wala kilichopotea. Kisha uliza kwa sauti, “Nani?” na usubiri jibu. Mwenye shida hujibu. Huku ukisubiri, mpigie simu jirani mmoja au wawili ambao mmekwisha kupatana nao, pamoja na mwenyekiti wa LC1, na uipigie polisi. Usitoke peke yako gizani, wala usipige yowe la mwizi kabla hujaona ni nani. Yowe likishatoka haliwezi kurudishwa. Na kama nyumba yako ni ya watu kuijia usiku, kama ya mkunga, ya mganga wa zahanati au ya mwenyekiti mwenyewe, weka kengele langoni na uwajulishe watu kwamba njia ni hiyo. Mama muuguzi ameweka kipande cha reli kilichoning’inizwa, na nyundo yake kando. Anayekuja kwa heri hukigonga.

Anayetaka kufuga na aanze na watatu au wanne, si mmoja, kwa sababu bukini wa peke yake hunyong’onyea, na kelele zake huwa za upweke badala ya ulinzi. Dume mmoja hutosha majike wanne au watano. Usiku walale ndani ya uzio wa wavu wa chuma karibu na nyumba. Wakifungiwa kwenye kibanda chenye kuta hawaoni chochote, na wakiachwa huru huliwa na mbwa wa mitaani au huibwa. Chakula chao kikubwa ni majani mafupi mabichi, ndiyo maana nchini Marekani walitumiwa kupalilia mashamba ya pamba, wakila magugu ya jamii ya nyasi na kuiacha pamba. Lakini mahindi na mpunga navyo ni jamii ya nyasi, kwa hiyo wasikaribishwe kwenye shamba changa la mazao hayo. Tumewahi kusuluhisha ugomvi wa majirani uliotokana na jambo hilo hilo. Si lazima wawe na bwawa. Wahitaji chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa kizima, ili wasafishe macho na tundu za pua.

Kwa watoto wadogo tunatoa tahadhari ya pekee. Dume katika majira ya kuzaliana huinamisha shingo, hutoa sauti kama ya nyoka, kisha hushambulia kwa mdomo na kwa mabawa, ambayo mfupa wake ni mgumu. Kwa mtu mzima ni michubuko. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mdomo ule uko sawa na jicho lake. Dume aliyelelewa mikononi kama kipenzi huweza kuwa mkali zaidi akikomaa, kwa kuwa amekwisha kupoteza hofu ya binadamu. Majirani nao wana haki ya kulala. Kabla ya kununua, zungumza nao. Kitongojini ambako nyumba zimebanana, bukini wa Kichina huenda akaleta mashtaka mengi kuliko usalama.

Ununuzi ufanyike mchana, mbele ya shahidi, na kwa karatasi iliyoandikwa jina la muuzaji, idadi ya ndege na rangi zao. Ndege wa wizi wakipatikana kwako bila karatasi hiyo, maelezo yatakuwa marefu. Wala usijaribu kuziba pengo kwa ndege wa ziwani. Bukini wa Misri na bukini mwenye mwiba bawani, ambao tunawaona kwenye Mlango wa Kazinga na kando ya ziwa letu, ni wanyama wa porini, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kuwakamata bila leseni. Isitoshe, hao si bukini wa jamii ya hawa wa kufugwa, licha ya jina.

Jambo la mwisho ni la afya. Mwaka 1996 kirusi cha homa ya mafua ya ndege cha aina ya H5N1, ambacho uzao wake umeisumbua dunia tangu wakati huo, kilitambuliwa kwa bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China. Hapa kwetu, Januari 2017, homa ya aina ya H5N8 ilithibitishwa kwa ndege wa porini karibu na Entebbe na kwa bata na kuku wa Masaka. Wafugaji wa kandokando ya ziwa wasiwaache bukini wao wachanganyike na ndege wahamaji majini. Wakifa wengi kwa ghafla, wasiliwe, wasiuzwe, wala wasitupwe ziwani. Ajulishwe daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.

Mzee wetu mfugaji alinunua bukini wanne wa kahawia, baada ya kuja ofisini kutuuliza upya na kupewa jibu lote. Alituambia kwamba hawezi tena kulala mchana. Mbuzi wake wapo. Simu za dharura za polisi ni 999 na 112, usiku na mchana, bila malipo.